Ghorofa lipo kwenye picha, ardhi ndiyo inayosubiri

Kutoka ufukwe wa Kerege, wilayani Bagamoyo, hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar ni takriban kilomita 50 za bahari. Mtu aliyesimama mchangani macho yake hufika kilomita tano hivi, kisha maji na mbingu vinakutana. Kilicho mbali zaidi ya hapo hakionekani mpaka kiwe kirefu. Kwa hesabu wanayoitumia mabaharia, jengo la mita 370 huanza kuchomoza ukiwa mbali nalo zaidi ya kilomita 65. Kwa hiyo jengo la Domino lililotangazwa Zanzibar mwaka 2021, siku likisimama, watu wa Kerege, Mapinga, Zinga na Bagamoyo mjini hawatahitaji nauli ya boti ili kulitazama. Litakuwa mbele yao, upande wa kaskazini-mashariki, kila hewa inapokuwa safi, na usiku taa zake zitashindana na taa za wavuvi wa dagaa.

Mjadala wa jengo hilo ulianzia Unguja, lakini unatuhusu na sisi wa upande huu wa mkondo. Tena unatuhusu kwa jambo zito kuliko kuliona kwa macho. Pwani hii ina historia ndefu ya miradi mikubwa inayoanza kwa picha, na watu wake wameshaonja jinsi picha inavyoweza kumbadilishia mtu maisha kabla hata shimo la msingi halijachimbwa.

Kete za dhumna

Mradi wenyewe, kwa aliyepitwa, ni huu: mnara wa ghorofa 70, gharama iliyotajwa ni dola za Marekani bilioni 1.3, msanifu ni kampuni ya xCassia, na walioutangaza ni kundi la AICL. Ungejengwa nje kidogo ya Mji Mkongwe, na ndani yake kungekuwa na ofisi, makazi, hoteli na gati la boti za kifahari. Ukikamilika ungekuwa miongoni mwa majengo marefu kuliko yote Afrika, ukipitwa na machache kama mnara wa mji mkuu mpya wa Misri wenye karibu mita 394.

Kilichozua maneno zaidi ni umbo. Badala ya mnara ulionyooka, wasanifu walichora vipande virefu vilivyosimama kwa mfuatano, kimoja kikikizidi kingine, mithili ya kete za dhumna zinazokaribia kuangukiana. Katika mji ambao kila jioni kete hizo hupigwa mezani kwa kishindo hadi adhana ya Magharibi, mchoro ule ulieleweka bila mkalimani. Wapo walioupenda hapo hapo. Wapo waliouliza ni nani huyo anayejenga nyumba ya mabilioni yenye sura ya kitu kilicho mbioni kuanguka.

Waliounga mkono walikuwa na hoja za kueleweka. Zanzibar, walisema, haiwezi kuishi milele kwa kuuza picha za milango ya nakshi na kima punju wa Jozani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9 visiwani, wengi wao vijana wanaotaka ajira, na ardhi haiongezeki. Dubai nayo iliwahi kuishi kwa kuzamia lulu na biashara ya majahazi. Serikali ya Rais Hussein Mwinyi imetangaza uchumi wa buluu kuwa ndiyo dira. Mtu akija na dola bilioni moja mkononi, kumlimbikizia maswali ni kumwonesha njia ya uwanja wa ndege.

Waliopinga walisimama juu ya Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Uzuri wa mji ule, walisema, uko katika kulingana kwa mapaa yake. Anayeingia kwa bahari huona mstari mmoja wa nyumba, na juu ya mstari huo ni vitu vichache tu vinavyoruhusiwa kunyanyua kichwa: minara ya misikiti, na lile kanisa la Shangani ambalo wenyeji hawaliiti kwa jina lake bali Minara Miwili. Weka mita 370 nyuma ya mstari huo, na vyote hivyo vinageuka vitu vya kuchezea.

Hoja za pande zote mbili zina uzito, lakini zote zilibaki kwenye urefu na sura. Ni wachache waliouliza jengo lile lingekunywa maji ya nani, lingewasha umeme wa wapi, na kama lisingejengwa, lile eneo lingebaki limeshikiliwa hadi lini.

Ajabu ya mwaka 1883

Hoja ya ugeni peke yake haitoshi kulikataa jengo, na ushahidi uko Forodhani. Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alikamilisha Beit al-Ajaib, jumba ambalo hakuna aliyewahi kuona mfano wake katika pwani hii. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za boriti, kama nyumba nyingine za mji. Lakini veranda zake zilizunguka ghorofa zote juu ya nguzo nyembamba za chuma zilizoletwa kwa meli, na baadaye likapata taa za umeme, na lifti kabla ya jumba lolote la Afrika Mashariki. Ukubwa wake ulivuka kila kipimo cha mji wa wakati ule. Leo hii, ukimwambia mchoraji yeyote aichore Zanzibar kwa jengo moja, atachora hilo hilo.

Basi cha ajabu huweza kuzoeleka, hata kikapendwa. Ila Beit al-Ajaib lina somo la pili, na hili ndilo gumu. Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza zililipiga kasri la jirani kwa mizinga kwa muda usiozidi saa moja, kasri likabomoka na Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Lililoishinda mizinga halikuweza kuishinda mvua. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Chokaa iliyopasuka hupitisha maji, maji huozesha boriti, boriti ikilegea ukuta hauna cha kuushika. Jumba la ghorofa chache lililojengwa kwa vifaa ambavyo mafundi wa Unguja wanavijua tangu utotoni lilihitaji matunzo kwa miaka 137, na matunzo hayo yakapungua. Mnara wa vioo wenye ghorofa 70 kando ya bahari ya chumvi utahitaji matunzo kiasi gani, na ya nani, pale waliouza nyumba zake watakapokuwa wamekwisha kuondoka?

Michenzani nayo inafaa kukumbukwa. Baada ya Mapinduzi, Rais Abeid Amani Karume aliamua kujenga majumba marefu kwa ulalo, yenye ghorofa nyingi, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, katikati ya Ng'ambo. Watu walivunjiwa nyumba zao za udongo na makuti ili kupisha, na kwa macho ya wengi yale majumba yalikuwa mageni kama Domino ilivyo mgeni leo. Lakini swali la nani ataishi humo lilikuwa na jibu tangu mwanzo: wananchi wa kawaida. Familia zimezaliana humo, zimeoza na kuzika humo. Mtu anaweza kuyachukia kwa sura, lakini hawezi kusema yalijengwa kwa ajili ya picha.

Mbao ghorofa 28

Oktoba 2022 ulitangazwa mnara mwingine wa Unguja, safari hii tangazo likitolewa Muscat, Oman. Ulipewa jina la Burj Zanzibar: ghorofa 28, mita 96, makazi 266, katika mji mpya wa Fumba unaojengwa na kampuni ya CPS. Msanifu wake, Leander Moons, aliuchora uwe na kiini cha zege na sehemu kubwa iliyobaki iwe ya mbao. Wakati huo mnara mrefu kuliko yote ya mbao duniani ulikuwa Ascent, wa mjini Milwaukee, Marekani, wenye ghorofa 25 na mita 86.6. Kwa hiyo rekodi ya dunia ingehamia Fumba.

Maneno ya vijiweni yalikuwa matatu: mchwa, moto, na mvua za masika. Yote yanajibika, na ni vizuri kuyajibu badala ya kuyacheka. Mbao za majengo hayo haziko kama zile za kenchi. Ni vipande vilivyobanwa na kugundishwa tabaka juu ya tabaka hadi vikawa nguzo nene. Nguzo ya namna hiyo ikiungua, ganda lake la nje hugeuka mkaa na mkaa ule huukinga moyo wa mbao. Moto huila kwa kasi ya takriban milimita 0.7 kwa dakika, yaani sentimita nne hivi kwa saa. Mhandisi huongeza unene huo mapema, ili watu wapate muda wa kushuka. Mchwa hukatiwa njia kwa msingi wa zege na dawa. Unyevu ndio adui wa kweli, na dawa yake ni usanifu unaoacha mbao zipumue.

Na upo upande wa pili wa hesabu. Uzalishaji wa saruji unakadiriwa kutoa asilimia 8 hivi ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Anayepita barabara ya Bagamoyo anaijua bei ya saruji kwa macho: kilima cha Wazo, pale Tegeta, kimeliwa miaka nenda rudi kwa ajili ya nyumba za Dar es Salaam. Nchi yenye msitu wa kupandwa kama Sao Hill, Mufindi, haifanyi upuuzi ikifikiria kujenga kwa mbao.

Kwa hiyo kati ya minara miwili ya Unguja, wa Fumba una hoja nzuri zaidi ya kihandisi, tena ungesimama ndani ya mji ambao tayari una nyumba na wakazi. Lakini hata huo ulianza kwa picha, na picha ilioneshwa kwanza kwa wanunuzi wa ng'ambo ya bahari.

Watamu walivyosema hapana

Mahali ambapo wananchi waliishika picha mapema wakaikagua ni Watamu, Kaunti ya Kilifi, Kenya. Wawekezaji wenye asili ya Italia walipendekeza Palm Exotica, jengo la ghorofa 61 lenye hoteli na makazi, kwa gharama iliyotajwa ya shilingi bilioni 28 za Kenya, katika mji mdogo wa wavuvi na hoteli fupi fupi. Bahari ya Watamu ni hifadhi tangu mwaka 1968. Fukwe zake ni mazalio ya kasa, na kasa mchanga anapototolewa usiku huifuata nuru iliyo chini kwenye upeo, kwa kuwa kwa miaka yote nuru hiyo ilikuwa ya bahari. Ukiwasha ghorofa 61 nyuma ya ufukwe, vitoto hivyo vinageuka na kutambaa kuelekea barabarani.

Walioijua bahari ile hawakuishia kusema jengo ni baya. Walikwenda kwenye mikutano ya maoni na kuuliza maji yatatoka wapi, maji taka yataelekezwa kwenye mkondo upi, na barabara moja ya kuingia Watamu itabeba magari mangapi ya mchanga. Mwaka 2019 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, iliuzuia mradi.

Nairobi yenyewe ilijifunza kwa njia nyingine. Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa Pinnacle, mnara wa mita 320 katika eneo la Upper Hill. Mgogoro wa umiliki wa kiwanja ukaingia mahakamani, na kazi ikakwama kwenye shimo. Rais alikwishapigwa picha na mchoro, lakini swali la kwanza kabisa, la nani mwenye ardhi, lilikuwa halijamalizwa.

Waya wa Ras Kiromoni

Turudi kwenye mkondo wetu. Umeme wa Unguja hautoki Unguja. Unatoka gridi ya taifa, unaingia baharini Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, na kutokea Ras Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mwaka 2008 ilitokea hitilafu na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 hitilafu ikarudi, na giza likadumu karibu miezi mitatu. Hoteli ziliishi kwa jenereta, na visima vilivyotegemea pampu vikanyamaza. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013 kwa fedha za Marekani.

Sasa fikiria ghorofa 70 katika miezi mitatu ile. Maji ya bomba ya kawaida hupanda ghorofa chache kisha yanaishiwa nguvu. Kuyafikisha mita 370 kunahitaji msukumo wa takriban mara 36 ya ule wa hewa inayotuzunguka, kwa pampu zinazopokezana ghorofa hadi ghorofa, usiku na mchana. Pampu zikizima, lifti zikizima, mnara unageuka mlima. Na maji yenyewe ya Unguja ni ya ardhini, maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi ndani ya matumbawe. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda.

Sisi wa bara hatuna cha kujivunia hapa. Bomba kubwa la Ruvu Chini linapita ukanda huu huu wa Bagamoyo likielekea Dar es Salaam, na wapo wanaoishi jirani nalo ambao bado wananunua maji kwa madumu. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, mamlaka ya maji, DAWASA, ilitangaza mgao, na jiji lenye maghorofa likapanga foleni na ndoo. Mnara wowote mpya katika pwani hii, uwe Unguja au bara, utaongeza mdomo kwenye gridi hiyo hiyo, na kwenye maji ambayo tayari hayatoshi.

Upepo nao usisahaulike. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha minazi na mikarafuu kwa maelfu na kuvunja merikebu za Sultani bandarini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitukumbusha kwamba njia ile bado iko wazi. Wahandisi wanajua kujenga kwa upepo, mradi mkaguzi anayetia saini awe mkaguzi kweli. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Novemba 16, 2024, jengo la Kariakoo lilianguka siku ya biashara na kuua watu zaidi ya 20. Yote mawili yalikuwa mafupi ukiyaweka karibu na michoro tunayobishania.

Picha ikishatoka

Hadi hapa inaweza kuonekana kwamba hatari ya mnara inaanza siku ya kujengwa. Watu wa Kigamboni watakwambia inaanza mapema zaidi. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza eneo kubwa la Kigamboni kuwa la mji mpya, na michoro ikatoka, yenye minara ya vioo na bustani. Pamoja na michoro likaja katazo: mwenye kiwanja asijenge, asiongeze chumba, asubiri. Kusubiri kulikoanza kama jambo la miaka miwili kukaendelea. Benki hazikupenda kukopesha kwa dhamana ya nyumba inayosubiri kubomolewa. Watoto walikua, wakaoa, na hawakuwa na ruhusa ya kujenga banda uani. Mwishowe mpango uliachwa na wakala uliouendesha ukavunjwa. Hakuna mnara hata mmoja uliojengwa, lakini miaka ile ya watu haikurudishwa na mtu.

Kigamboni hiyo hiyo, mradi wa nyumba za Dege uliokuwa na ubia wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, uliahidi nyumba zaidi ya 7,000, ukasimama mwaka 2016 na kuacha maboma yanayotazama bahari kwa miaka mingi.

Kwetu Bagamoyo picha ilikuwa ya bandari. Makubaliano yalisainiwa Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipozuru nchini. Oman ikaingia kama mbia. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10, pamoja na ukanda maalumu wa viwanda. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi. Juni 2019 Rais John Magufuli akaeleza hadharani kwamba masharti ya wawekezaji, ukiwamo upangaji wa miaka 99, angeyakubali mwendawazimu tu. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema mazungumzo yanafufuliwa. Katika mizunguko hiyo yote, watu wa Pande, Mlingotini na Zinga walikuwa na ardhi iliyothaminiwa. Wapo waliolipwa wakahama, na wapo waliobaki wakidai, huku mnazi ukifa hawapandi mwingine kwa kuwa hawajui utakuwa wa nani.

Kerege haikuwa kitovu cha bandari, ila iko njiani, na njiani ndiko madalali wanakokaa. Dalali wa huku hana maneno mengi. Anaegesha pikipiki chini ya mkorosho, anafyeka majani kwa mguu hadi bikoni ionekane, kisha anatoa simu na kukuonesha picha: winchi, meli, maghorofa kwa nyuma. Bei inatajwa ukiwa bado unaitazama ile picha. Atakutajia ya mbele ya barabara na ya nyuma ya barabara, na kila mwaka ile ya nyuma inaifukuzia ya mbele. Ukirudi barabarani unasoma ukutani, kwa rangi nyekundu, nyumba baada ya nyumba: HAIUZWI. Mwenye nyumba ameandika hivyo kwa sababu kiwanja kimoja kikishapanda bei huweza kuuzwa mara mbili kabla mwenyewe hajarudi kutoka shamba.

Huo ndio ujenzi ambao picha hufanya. Inapandisha bei kwa anayeuza na kuahirisha maisha ya anayebaki, na haihitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Ndiyo sababu mjadala unaosubiri msingi uchimbwe ndipo uanze huwa umechelewa. Wakati huo waliofaidika na picha wameshafaidika.

Picha nayo iwe na tarehe ya mwisho

Sheria zetu hazikosi mbegu ya dawa. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili. Ukipita bila malipo, unarudiwa kwa bei mpya. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate ridhaa ya mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi. Kinachokosekana ni kuivuta kanuni ya miaka miwili irudi nyuma hadi siku ya picha.

Pendekezo langu ni hili. Mradi wowote unaotangazwa hadharani juu ya ardhi ambayo watu wanaiishi au wanaitumia, uwe mnara, bandari au mji mpya, utangazwe pamoja na tarehe yake ya kufa. Tarehe hiyo ikifika bila fedha kuonekana benki na bila fidia kulipwa, katazo lolote la kuendeleza ardhi linaondoka lenyewe, bila kusubiri tamko la waziri. Na siku ile ile ya uzinduzi, pamoja na ule mchoro wa rangi, ziwekwe mezani karatasi mbili ambazo kwa kawaida hufichwa: ya maji na umeme, inayoeleza lita na megawati ngapi na zitapunguzwa kwa nani, na ya matunzo, inayoeleza nani atalipa mwaka wa 30.

Najua jibu litakalokuja: masharti yatawakimbiza wawekezaji. Mwenye fedha na nia hapotezi chochote kwa kuandikiwa tarehe. Mkataba wake na benki umejaa tarehe kali kuliko hiyo. Anayeikimbia tarehe ni yule aliyekuja na mchoro ili apate ardhi, kisha aiuze ardhi kwa nguvu ya mchoro. Huyo akiondoka mapema, Zanzibar haikosi mnara na Bagamoyo haikosi bandari.

Kabla sheria haijabadilika, kijiji kinaweza kuanza na kilicho mkononi mwake. Akija mgeni na ramani kubwa, awe ametumwa na wilaya au na kampuni, mkutano mkuu umuulize mbele ya watu: tukikaa bila kujenga kwa ajili yako, ni hadi siku gani? Atakachojibu kiandikwe kwenye muhtasari, kisainiwe na yeye na mwenyekiti, na nakala ibaki ofisi ya kijiji ambako mwenye shamba yeyote anaweza kwenda kuisoma. Akigoma kutaja siku, wananchi wana haki ya kupanda minazi yao kesho yake.